Mwongozo Kamili wa Kuishi na Kuandika Hadithi Mombasa, Kuanzia Alfajiri hadi Mswada Unapoondoka Mkononi

Wengi wanaonijia wakitaka kujua namna ya kuandika riwaya huniuliza kuhusu wahusika, msuko na taharuki. Ni wachache mno wanaoniuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua iwapo riwaya hiyo itaandikwa au itabaki kuwa nia: utaiandika saa ngapi, ukiwa umeketi wapi, na ni nani atakayekuwa akikuita wakati huo? Mimi ni mkaazi wa Likoni, nina kazi katika ofisi ya uwakala wa mizigo ng'ambo ya pili, kisiwani, na kila siku ya kazi navuka kwa feri asubuhi na jioni. Hadithi zangu zote zimeandikwa pembeni mwa maisha hayo, kwa Kiswahili, bila likizo ya uandishi wala chumba maalumu.

Mwongozo huu unamlenga mtu aliye katika hali kama yangu, mwenye ajira au biashara, mwenye jamaa na majirani, na mwenye hadithi ambayo haimpi usingizi. Nimeupanga kwa hatua, lakini hatua hizo hazilingani kwa urefu, kwa sababu hazilingani kwa uzito. Ile ya masikio na ile ya sitara, yaani kuwasitiri watu unaowaandika, zimenigharimu miaka mingi kuliko zote, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya kwanza: Tafuta saa moja, kisha uilinde

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kunapambazuka karibu wakati ule ule mwaka mzima. Hili ni jambo la heri kwa mwandishi, maana saa uliyoichagua mwezi wa Julai utaikuta mahali pake mwezi wa Desemba. Mimi nimechagua saa inayofuata swala ya alfajiri. Baada ya adhana mtaa huamka kidogo, wanaume hupita wakienda msikitini na kurudi, kisha kimya hurejea na kudumu mpaka nisikie mafuta ya mahamri yakianza kuchemka kwa bibi jirani. Katikati ya kimya hicho na mahamri hayo ndimo zilimoandikwa riwaya mbili.

Kabla ya hapo nilijaribu kuandika usiku kwa miaka miwili, na sipendekezi. Baada ya isha wageni huja, barazani kuna mazungumzo matamu ambayo ni makosa kuyakosa, stima hupotea, na mwili uliokwisha kushinda bandarini hauna tena subira ya kutafuta neno sahihi. Nilipokuwa nikisoma asubuhi nilichokiandika usiku, nilikuta wahusika wangu wote wamechoka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimechoka. Mchana nao una shida yake, hasa kati ya Januari na Machi, wakati wa kaskazi, ambapo nyumba ya mabati huwa na joto lisiloruhusu fikira ndefu.

Ukishaichagua saa yako, watangazie wenzako nyumbani waziwazi, kwa adabu, na kabla hujaanza kuitumia. Nilimwambia mama, "Mama, nikiwa pale mezani alfajiri, naomba unihesabu kuwa niko kazini." Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi funga mlango, mwanangu, na mimi nitasema umeshatoka." Tangu siku hiyo, yeyote anayebisha hodi mapema huambiwa kwamba nimekwenda kazini, na mama hajioni kuwa amesema uongo.

Sasa igawe saa hiyo. Dakika kumi za mwanzo soma aya ya mwisho ya jana bila kusahihisha chochote, hata kosa la tahajia likikuchoma macho. Dakika arobaini zinazofuata andika kwenda mbele. Dakika kumi za mwisho andika, kwa maneno ya kawaida kabisa, ni nini mhusika wako anakaribia kufanya, ili kesho usianze na ukurasa mtupu. Maandishi hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniokoa kuliko ushauri wowote. Mtu anayeketi akijua kwamba "Sasa Mwanaisha anafungua barua" huanza mara moja, na anayeketi bila kujua huamka kwenda kuchemsha chai.

Kipimo changu ni maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hayo ni maneno 1,500 kwa wiki, na kwa wiki 40 ni maneno 60,000, yaani riwaya kamili ndani ya mwaka mmoja huku wiki 12 zikibaki kwa ajili ya maradhi, harusi, matanga na sikukuu. Usijilinganishe na hesabu za waandishi wa Kiingereza, kwa maana lugha yetu hubeba mengi ndani ya neno moja. "Walipotuletea" ni neno moja kwetu, na Mwingereza atahitaji manne ili aseme jambo hilo hilo. Riwaya ya Kiswahili yenye maneno 60,000 ni ndefu kuliko inavyosikika.

Mwezi wa Ramadhani, ambao husogea mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka, usijilazimishe ratiba ya miezi mingine. Usingizi hukatwa na daku, na alasiri nyumba nzima iko jikoni. Mimi hupunguza kipimo hadi maneno 150 na kuyaandika mara baada ya alfajiri, kabla ya kulala kidogo. Kwa kufanya hivyo hadithi haipoi, na saumu haipati mshindani.

Hatua ya pili: Vyombo vya kazi

Hapa sitakaa sana. Unahitaji daftari dogo linaloingia mfukoni au mkobani, daftari kubwa la nyumbani, kalamu mbili, na chombo cha kuchapia, kiwe kipakatalishi au simu. Riwaya nzima inaweza kuchapwa kwenye simu, nami nawajua walioifanya kazi hiyo.

Lililo muhimu ni nakala. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, vitu hivyo viwili hula vyuma vya ndani ya kompyuta, na karatasi zilizoachwa wazi wakati wa masika huota ukungu. Zaidi ya hayo, kuna makosa ya binadamu. Niliwahi kupeleka kipakatalishi kwa fundi mmoja mjini kwa sababu ya kibodi tu, nikakirudishiwa kikiwa safi kabisa, kimefutwa kila kitu, na sura tatu ambazo sikuwa nimeziweka mahali pengine zimekwenda. Nilizikumbuka kwa kichwa na kuziandika upya, lakini sura ya pili haikurudi kamwe jinsi ilivyokuwa. Kwa hiyo kila Ijumaa mswada wangu unakaa mahali patatu: ndani ya kipakatalishi, ndani ya flashi iliyofungwa katika mfuko wa plastiki, na katika barua pepe ninayojitumia mwenyewe, yenye tarehe.

Hatua ya tatu: Fanya safari yako ya kila siku kuwa shule ya masikio

Kivuko cha Likoni ndicho chuo changu. Mwenye miguu hupita bure, safari yenyewe ni ya dakika chache, na ndani ya dakika hizo umebanwa pamoja na wauza samaki, makarani, wanafunzi, walinzi wanaotoka zamu ya usiku na mabibi wanaokwenda hospitali. Ukitoa simu na kuitumbulia macho, umeikosa shule. Ukinyamaza na kusikiliza, utaondoka na sentensi moja ambayo usingeweza kuitunga ukiwa umejifungia chumbani.

Asubuhi moja karibu nami alikuwepo kijana aliyesimama na kikapu kizito cha ndimu, na mbele yake, juu ya benchi, aliketi mama mtu mzima aliyevaa buibui. Hawakuwa wakijuana. Yule mama akasema, "Ndoo, mwanangu, nipe hicho kikapu nikupakatie, wasije wakakuangusha." "Ndoo" yake ndiyo "njoo" ya shuleni. Kijana akampa. Wakavuka hivyo, kikapu mapajani mwa mama kama mtoto, na tulipofika ng'ambo akakipokea, akasema, "Ahsante, mamangu," wakaachana. Niliandika kwenye daftari maneno mawili tu, "nikupakatie" na "ndimu", nami nilijua kwamba siku moja nitayahitaji.

Utaratibu ni huu. Usiandike mbele ya watu, kwa sababu kumwandika mtu akikuona ni kumvua nguo. Shuka kwanza, panda mlima, tafuta pembe ya ukuta, kisha andika maneno mawili au matatu yatakayokurudishia tukio zima. Jioni, ukiwa nyumbani, yahamishe kwenye daftari kubwa kwa sentensi kamili. Usipoyahamisha siku hiyo hiyo, baada ya wiki utasoma "ndimu" usikumbuke ni ndimu za nani.

Sikiliza hasa namna watu wanavyozungumza, na si habari wanazozungumza tu. Mwandishi wa Mombasa ana mtihani ambao wenzake wa mahali pengine hawaujui kwa ukali huu. Mwaka 1928 wajumbe kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar walikutana hapa hapa Mombasa kuamua ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na wakakichagua Kiunguja. Kimvita, lugha ya wenyeji wa mji uliowapokea, lugha aliyoitungia mashairi Muyaka bin Haji, kikabaki nyumbani. Ndiyo maana shuleni tunaandika "njia", "nje", "chini" na "kichwa", ilhali bibi zetu husema "ndia", "nde", "tini" na "kitwa".

Je, uandike ipi? Shauri langu, ambalo nimelifikia baada ya kuharibu hadithi kadhaa, ni hili: msimulizi aongee Kiswahili sanifu, na mhusika aongee kinywa chake. Bibi wa Kibokoni aseme "ndoo", karani aliyekulia Magongo aseme "njoo", na kijana wa matatu achanganye kama anavyochanganya. Lakini pima kiasi. Ukijaza lahaja kila neno, msomaji wa Dodoma au Kisumu atakuacha njiani. Neno moja au mawili katika kila kauli yanatosha kumfanya msomaji asikie sauti nzima, naye atayafahamu kwa muktadha bila wewe kuyafasiri kwenye mabano.

Zingatia pia wanavyoitana. Katika rasimu nyingi ninazoletewa nizisome, watu wazima huitana kwa majina matupu kama kwamba wote ni rika moja. Hapa kwetu kijana hamwiti mke wa ami yake kwa jina, muuza duka humwita mteja "mamangu" au "ndugu yangu" hata kama hawajuani, na kijana huamkia kabla ya kueleza shida yake. Mhusika akiingia nyumba ya watu na kuanza kusema bila kuamkia, msomaji wa pwani atadhani kuna ugomvi. Kama ugomvi upo, basi umepata njia nzuri ya kuuonyesha bila kuutaja.

Hatua ya nne: Jifunze sitara kabla hujachapisha chochote

Sitara ni neno ambalo mwandishi wa mji huu lazima alipime kila siku, kwa sababu tunaishi karibu, kuta zinagusana, na siri ya mtu mmoja ina mashahidi ishirini. Hadithi hutokana na maisha ya watu, hilo halikwepeki. Ila kuna kuchukua kunakomheshimu mwenye maisha, na kuna kuchukua kunakomfunua.

Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika hadithi fupi kuhusu mwanamke aliyeachwa na mume wake bila kuambiwa sababu, nikaisoma mbele ya kikundi kidogo cha wapenzi wa fasihi. Nilikuwa nimebadilisha jina, na niliona nimefanya lililo wajibu wangu. Baada ya siku chache jirani yetu mmoja akaacha kuitikia salamu zangu. Mama aligundua kabla yangu. Tukaenda pamoja kuomba radhi, tukakaribishwa, tukapewa chai, na wakati wa kumimina yule bibi akaliinua birika lake la bati, lile ambalo mpini wake umefungwa kipande cha leso ili lisiunguze mkono, akasema bila hasira, "Jina umelibadilisha, mwanangu, lakini birika ni langu." Nilikuwa nimeliandika birika lile jinsi lilivyo, na kile kipande cha leso pia. Kila mtu aliyewahi kunywa chai nyumbani mwake alimjua mara moja.

Alinisamehe. Lakini tangu siku hiyo, kabla hadithi haijatoka nyumbani kwangu, huipitisha katika maswali matatu, nami nakuomba uyafuate. La kwanza ni kuhusu vitu: je, kuna kifaa, nguo, kovu au mazoea ambayo ni ya mtu mmoja tu mtaani? Kibadilishe au kihamishie kwa mhusika mwingine asiyehusika na aibu ile. La pili ni kuhusu kazi na mahali: mshonaji wa Bondeni anaweza kuwa mwalimu wa Mtwapa, na mara nyingi hadithi hupata nguvu mpya inapohamishwa, kwa sababu unalazimika kufikiri upya kila tukio badala ya kunakili. La tatu, ambalo ndilo gumu kuliko yote, ni kuhusu sababu: badilisha kilicholeta tukio. Kama kweli mume aliondoka kwa ajili ya deni, katika hadithi aondoke kwa jambo jingine. Ukishabadilisha sababu, mhusika huacha kuwa jirani na kuanza kuwa mtu wako mwenyewe.

Misiba ya umma nayo inataka uangalifu wa namna yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakapoteza maisha. Huku upande wa kusini wapo wazazi, wajane na watoto waliokua bila wazazi kwa sababu ya asubuhi ile. Mwandishi ana haki ya kuliandika jambo hilo, na pengine ana wajibu, lakini asiliandike kabla ya kuketi na angalau mtu mmoja aliyefiwa, kusikiliza bila kalamu mkononi, na kumwomba ruhusa. Akikataa, kataa nawe.

Hatua ya tano: Hakikisha ukweli ulio chini ya hadithi

Hadithi ni ya kubuni, lakini mji si wa kubuni. Katika riwaya yangu ya kwanza nilikuwa na sura inayotokea mwaka 1965, ambamo bwana harusi anavuka daraja la Nyali na kusimama katikati kutazama maji chini kabisa. Mzee mmoja wa Kisauni, seremala mstaafu ambaye huniazima masikio yake, aliniambia nifute. Daraja refu la saruji tunalolitumia leo lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla yake kulikuwa na daraja la kuelea, lililolala juu ya maji yenyewe, kwa hiyo bwana harusi wangu asingekuwa na "chini kabisa" pa kutazama. Niliandika upya sura nzima, na daraja linalotikisika chini ya miguu likamfaa zaidi mtu mwenye hofu ya ndoa kuliko lile la saruji.

Makosa ya aina hii ni rahisi kufanya. Abiria aliyetoka Nairobi kwa reli mpya iliyoanza kusafirisha watu mwaka 2017 hushuka Miritini, na si katika stesheni ya zamani kisiwani, kwa hiyo usimfanye atembee kwa miguu hadi Mwembe Tayari. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na mzingiro wa Waomani ulioiangusha ulidumu kuanzia 1696 hadi 1698. Anayeandika hadithi ya kale na kuwaweka Wareno ndani ya ngome hiyo mwaka 1710 ataumbuliwa na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Pepo ndizo zinazosahaulika kuliko vyote. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Uarabuni, kusi nayo ikiyarudisha. Kusi ikishika, katikati ya mwaka, bahari huchafuka na mvuvi mwenye mtumbwi mdogo hukaa siku nyingi bila kutoka. Ukimpeleka mvuvi wako kwenye bahari tulivu kama kioo mwezi wa Juni, wavuvi wote watafunga kitabu chako. Njia bora ya kuhakikisha ni kuuliza wazee, kila mmoja kwa fani yake, na kuwauliza swali dogo. "Nieleze maisha ya zamani" humchosha mzee, lakini "Nahodha alikuwa akilala wapi chomboni?" humfungua.

Hatua ya sita: Sahihisha kama mtu anayekwangua samaki

Ukimaliza rasimu ya kwanza, iweke kabatini kwa wiki sita na uandike kitu kingine. Kisha ichapishe yote kwenye duka la fotokopi, kwa sababu jicho husamehe mengi kwenye kioo cha kompyuta na halisamehi kwenye karatasi. Isome kwa sauti, kalamu ikiwa mkononi.

Nitaonyesha kwa mfano kutoka katika daftari langu. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi: "Asubuhi hiyo Mwanaisha alikuwa amehuzunika sana kwa sababu mumewe alikuwa amefariki, na alikuwa akihisi upweke mkubwa sana moyoni mwake." Hakuna kosa la sarufi, lakini hakuna mtu ndani ya sentensi hiyo. Msomaji ameambiwa kuhusu huzuni, hakuiona. Baada ya kuirudia mara nne ikawa hivi: "Mwanaisha alimimina chai katika vikombe viwili. Kisha akakichukua kimoja, akairudisha chai yake birikani, akakipangusa kikombe kwa upindo wa leso." Neno huzuni halimo, wala kifo hakikutajwa, na bado kila aliyewahi kufiwa anajua kilichotokea mezani pale.

Tazama pia kilichofanyika kwa vitenzi. Rasimu ya kwanza ilijaa "alikuwa ame-" na "alikuwa aki-", miundo inayomsimamisha msomaji mahali pamoja. Rasimu ya mwisho inaanza na "-li-" mara moja tu, kisha "-ka-" inashika usukani: akakichukua, akairudisha, akakipangusa. Kiambishi hicho ndicho kinachosukuma masimulizi ya Kiswahili, ndicho walichokitumia bibi zetu walipotuhadithia, na mwandishi anayekiogopa kwa kudhani ni cha hadithi za watoto anajinyima chombo bora alicho nacho.

Mambo mengine ya kukwangua ni "sana", "ghafla" na "kwa kweli", ambayo mara nyingi huondolewa bila hasara. Ondoa pia maneno ya Kiingereza yaliyovaa kanzu ya Kiswahili. "Mwisho wa siku" kwa maana ya "hatimaye" ni mojawapo. Siku yetu huisha magharibi jua likizama, na siku mpya huanza hapo hapo, kwa hiyo usemi huo humkwaza msomaji makini.

Msomaji wako wa kwanza asiwe mwandishi. Mimi humsomea mama. Simwulizi kama ni nzuri, kwa sababu atasema ni nzuri. Namsomea sura, kisha kesho yake namwomba anisimulie yaliyotokea. Tukio analoliruka katika kusimulia ndilo lililo dhaifu, na analoliongezea chumvi ndilo nilipaswa kulirefusha.

Hatua ya saba: Mswada unapoondoka

Mchapishaji wa vitabu kwa kawaida huomba muhtasari wa ukurasa mmoja, sura za mwanzo na maelezo mafupi kukuhusu. Chapa kwa nafasi mbili kati ya mistari, weka namba za kurasa, na utaje mwisho wa hadithi ndani ya muhtasari, kwa kuwa mhariri hahitaji kufichwa. Jihadhari na anayekutaka ulipe ili akuchapishe huku akijiita mchapishaji. Yapo pia mashindano ya miswada, na kwa Kiswahili mashuhuri ni tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambayo ina kipengele cha bunilizi, yaani hadithi za kubuni.

Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ni yako tangu unapoandika, nayo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Kuisajili kwa Baraza la Hakimiliki la Kenya ni hiari, ila husaidia ukizuka mgogoro. Ukipewa mkataba usiutie saini siku hiyo hiyo. Usome nyumbani, uangalie asilimia ya mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, na kama inahesabiwa kwa bei ya dukani au kwa fedha anazopokea mchapishaji, muda wa mkataba, na ni nani atakayemiliki haki za tafsiri na za filamu. Ukiamua kujichapishia, namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya.

Usiache kazi kwa matumaini ya mrabaha. Nasema hivi kwa upendo, kwa kuwa nimeona waandishi wazuri wakiacha kuandika kabisa kwa sababu waliifanya hadithi iwalipie kodi ya nyumba kabla haijapata miguu.

Katika ukurasa wa nyuma wa daftari kubwa chora safu nne: tarehe, uliyempelekea, ulichopeleka, na jibu. Baada ya miezi mitatu bila jibu, andika barua fupi ya kuulizia, kwa heshima, kisha uendelee na kazi. Mswada wangu wa pili ulikaa miezi tisa kabla safu ya nne haijajazwa. Katika miezi hiyo niliandika hadithi fupi nne kwa kipimo kile kile cha alfajiri, na mojawapo ni ya yule mama wa kwenye feri. Ndani yake feri imekuwa matatu ya Kisauni, mama amekuwa mzee mwenye bakora, na ndimu zimekuwa mayai. Neno "nikupakatie" nimeliacha lilivyo.